Mahali pa Mtazamaji: Mpangilio, Ishara na Wajibu katika Sanaa ya Ibada, kutoka Florence hadi Kinondo

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili swali moja la kimaadili ambalo uhakiki wetu umezoea kulipita kando: je, ni haki kwa mtu asiyeshiriki imani fulani kuisoma kazi ya ibada ya imani hiyo kana kwamba ni kazi ya sanaa na si zaidi? Swali hili hujitokeza kila mhadhiri anapoonyesha darasani picha ya Kristo msalabani iliyochorwa Italia katika karne ya 15, kisha akawataka wanafunzi, miongoni mwao wakiwamo Waislamu, Wakristo na wasiofuata dini yoyote, waeleze mpangilio na ishara zake. Hujitokeza kwa uzito zaidi wanafunzi hao hao wanapopelekwa Kwale kuutazama msitu wa Kaya Kinondo, wakiwa na madaftari mkononi.

Majibu mawili yamezoeleka. La kwanza ni kwamba kazi ya sanaa ikishatoka mikononi mwa aliyeiunda ni mali ya macho yote. Kila mtazamaji ana uhuru wa kuisoma kwa kadiri ya elimu yake. La pili ni kwamba kitu kitakatifu kinasomeka na wenyewe tu, kwa kuwa nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Jibu la kwanza linampa mhakiki uhuru wote. La pili linamfungia mlango. Sisi tunadai kwamba majibu yote mawili yanatokana na kosa moja. Yote yanamchukulia mtazamaji kuwa mtu aliye nje ya kazi, ambaye ama anaruhusiwa kuingia ama anakatazwa. Hoja yetu ni kwamba katika sanaa ya ibada mahali pa mtazamaji ni sehemu ya mpangilio wenyewe. Msanii, au jamii iliyounda kazi, imekwisha kumwekea mtazamaji pa kusimama, na imempa wajibu unaolingana na mahali hapo. Kwa hiyo mhakiki anapaswa kwanza kupatambua mahali hapo, kisha aseme bayana kama yeye amesimama hapo au pengine.

Ili kuitetea hoja hii tutaanza na mchoro mmoja wa kipindi cha Renaisansi, yaani Mwamko wa sanaa na elimu huko Ulaya, ambamo mahali pa mtazamaji pamepimwa kwa hesabu. Kisha tutaangalia siku ambazo picha ya kidini ya kipindi hicho ililetwa pwani yetu na kutazamwa na watu ambao haikukusudiwa wao. Mwisho tutafika Diani na Kinondo, ambako mpangilio wa ibada umejengwa bila ya picha yoyote.

2.0 Fani, maudhui, na kinachosahauliwa

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuichambua kazi kwa fani na maudhui. Mifano ya chungwa na maganda yake, ya kikombe na chai iliyomo, na ya sarafu yenye pande mbili imezoeleka madarasani, na mjadala kuhusu mfano ulio bora umechukua kurasa nyingi. Tukiuhamishia mgawanyo huu kwenye sanaa ya kuchorwa, mpangilio utakuwa fani na ishara zitakuwa maudhui. Mgawanyo huo una manufaa, lakini tazama jambo moja: katika mifano yote mitatu mtu anayelila chungwa, anayeinywa chai au anayeishika sarafu hatajwi. Yupo, kwani bila yeye mfano hauna maana, ila hahesabiwi.

Nadharia za upokezi zilijaribu kuliziba pengo hili. Wolfgang Iser, katika miaka ya 1970, alieleza kwamba matini hubeba ndani yake msomaji aliyedokezwa, yaani nafasi ambayo msomaji halisi hualikwa kuijaza. Katika historia ya sanaa, Michael Baxandall alionyesha mwaka 1972 kwamba wachoraji wa Italia ya karne ya 15 waliwachorea watu wenye mazoea mahususi ya macho: wafanyabiashara waliozoea kukadiria ujazo wa mapipa, waumini waliozoea kusikiliza mahubiri na kuyawaza matukio ya Injili moja baada ya jingine. Tunazikubali hoja hizi, lakini hazitoshi kwa swali letu. Msomaji wa riwaya akikataa nafasi aliyowekewa, anachopoteza ni starehe ya kuisoma riwaya. Mtazamaji wa kazi ya ibada akikataa nafasi yake, au akiivamia isiyo yake, huenda akawa amemkosea mtu. Tofauti hii ndiyo inayolifanya suala letu kuwa la maadili na si la nadharia peke yake.

3.0 Utatu Mtakatifu wa Masaccio

Katika kanisa la Santa Maria Novella mjini Florence kuna mchoro wa ukutani, uliopakwa rangi juu ya lipu mbichi, uitwao Utatu Mtakatifu. Ulichorwa na Masaccio kati ya mwaka 1425 na 1428, muda mfupi kabla ya kifo chake akiwa na umri usiotimia miaka 28. Kimo chake ni takriban mita 6.7 na upana wake takriban mita 3.2. Katikati yupo Kristo msalabani. Nyuma yake amesimama Mungu Baba akiushika msalaba kwa mikono miwili; kati ya vichwa vyao pana njiwa, ishara ya Roho Mtakatifu. Chini ya msalaba wapo Bikira Maria na Yohana. Nje ya nguzo zinazokizunguka chumba hicho kitakatifu wamepiga magoti mwanamume na mwanamke, yaani wale waliogharamia kazi. Chini kabisa pamechorwa kaburi na mifupa ya mtu aliyelala, pamoja na maandishi yanayomkumbusha anayetazama kwamba marehemu alikuwa kama yeye, na yeye atakuwa kama marehemu.

Umaarufu wa mchoro huu unatokana na dari lake. Ni kuba refu lililogawanywa katika visanduku, na mistari yake yote hukimbilia nukta moja iliyo karibu na chini ya msalaba. Nukta hiyo imewekwa karibu na kimo cha macho ya mtu mzima aliyesimama kwenye sakafu ya kanisa. Hapo mtazamaji ameingizwa katika hesabu. Ukuta utafunguka kuwa chumba kwa yule aliyesimama mahali pake tu. Akisogea mbali pembeni, chumba kinapotoka. Mchoraji hakuuchora msalaba pekee. Ameichora pia nafasi ya mtu mbele ya msalaba.

Lakini mpangilio huu una utata wa makusudi ambao wachambuzi wameutaja mara nyingi. Dari na nguzo zinaonekana kwa jicho linalotazama kutoka chini, ila mwili wa Mungu Baba umechorwa kana kwamba anatazamwa ana kwa ana. Kanuni iliyofungia jengo haikumfunga Yeye. Aidha, si rahisi kusema amesimama umbali gani ndani ya chumba. Kwa hiyo hesabu iliyompa mtazamaji mahali pake inamwambia pia kwamba mahali hapo hapatoshi kumtawala anayetazamwa. Hii ni ishara, lakini haimo katika kitu chochote kilichochorwa. Imo katika uhusiano baina ya vitu na jicho.

Tazama pia mikono na macho. Bikira Maria hamtazami mwanawe. Anamtazama aliye sakafuni, na mkono wake unamwelekeza msalabani. Wale waliopiga magoti hawamtazami mtu yeyote aliye upande wetu. Wapo nje ya chumba, kwenye mpaka, wakiomba. Tunazo basi nafasi tatu: ya walio ndani, ya walio mpakani, na ya aliye sakafuni ambaye anaelekezwa msalabani kwa mkono na kuonywa na mifupa. Atakayesema kwamba mchoro huu ni ushindi wa hesabu za kuonyesha kina atakuwa amesema kweli, lakini atakuwa ameuona mkono wa Maria pasipo kufuata unakoelekeza.

Historia ya baadaye ya mchoro huu inaithibitisha hoja. Karibu na mwaka 1570 Giorgio Vasari, ambaye mwenyewe aliusifu katika maandishi yake, aliufunika kwa altare na picha nyingine. Ulipogunduliwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1860, sehemu ya juu ilibanduliwa na kuhamishiwa ukuta mwingine wa kanisa hilo hilo. Mifupa ilibaki imefichika mahali pa zamani, na ilipofunuliwa, pande mbili ziliunganishwa tena mwaka 1952. Kwa miaka 90 hivi watu waliutazama Utatu bila ya kaburi. Waliuona ustadi wote wa kuba, hawakusikia onyo. Uhamisho wa hatua chache ndani ya jengo moja ulitosha kuondoa wajibu na kubakisha uzuri.

4.0 Picha melini: Malindi, Aprili 1498

Tutoke sasa Florence na kuja kwetu, kwani picha za kipindi hicho hazikubaki Ulaya. Mwezi Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilipanda kaskazini zikipita mbele ya pwani ambayo leo ni ya Kwale, zikafika Mombasa tarehe 7, na wiki moja baadaye zikafika Malindi. Shajara ya safari hiyo, iliyoandikwa na mmoja wa mabaharia, inasimulia mambo mawili yanayotuhusu. Mombasa, watu wawili wa Da Gama waliopelekwa kuuona mji walifikishwa nyumbani kwa wafanyabiashara wawili waliodhaniwa kuwa Wakristo, wakaonyeshwa karatasi yenye mchoro ambao waliusoma kuwa ni wa Roho Mtakatifu. Malindi, watu kutoka meli za Kihindi walipandishwa kwenye meli ya Paulo da Gama na kuonyeshwa picha ya altare: Bikira Maria chini ya msalaba, Kristo akiwa mikononi mwake, mitume wamemzunguka. Wahindi hao walisujudu. Kwa muda wote meli zilipokuwa bandarini waliendelea kuja kuomba mbele ya picha hiyo, wakileta karafuu, pilipili manga na vitu vinginevyo kama sadaka.

Wareno walifurahi, wakaandika kwamba wamekutana na Wakristo. Hata kelele za shangwe walizozisikia waliziandika kuwa ni jina la Kristo. Wanahistoria wengi hudhani jina lililotajwa lilikuwa Krishna. Mwezi uliofuata, mjini Calicut, Wareno wenyewe waliingia katika hekalu la Kihindu wakidhani ni kanisa, wakaomba humo, ingawa waliona ukutani watakatifu wenye meno yaliyotokeza na mikono minne au mitano.

Je, nani alikosea kusoma? Tukifuata ngazi tatu za Erwin Panofsky, alizozieleza mwaka 1939, wote walikwama kwenye ngazi ya kwanza. Waliona mama, maiti ya kijana, watu wenye huzuni. Hawakujua masimulizi yanayozibeba ishara hizo, sembuse falsafa iliyo nyuma yake. Mgeni ni kipofu ijapo ana macho. Lakini jibu hilo ni nusu ya ukweli. Mahujaji hao wa baharini hawakujua ishara, ila waliujua mpangilio. Mwili uliowekwa katikati, watu waliouzunguka na kuuelekea, nafasi iliyoachwa wazi mbele: waliutambua muundo unaomtaka mtu ainame, nao wakainama. Waliikalia nafasi ya mtazamaji kwa ukamilifu kuliko mtaalamu yeyote wa leo anayejua jina la kila mtume.

Kutokana na tukio hili tunajifunza kwamba mahali na maana ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa na elimu ya ishara zote na asiwe mahali pake. Anaweza pia kuwa mahali pake bila ya elimu hiyo. Ila tukio hilo linatufundisha hatari pia. Kusujudu kwa Wahindi kuligeuzwa kuwa ushahidi kwamba wao ni watu wa Ureno kiimani. Heshima waliyoitoa iliandikwa kuwa dai juu yao. Karne iliyofuata iliendeshwa kwa mizinga na si kwa picha, na hatudai kwamba kosa la kusoma ndilo lililoileta mizinga. Tunasema tu kwamba msomaji aliyeona sura yake mwenyewe katika ibada ya mwingine, na kuridhika, alikuwa amekwisha kuacha kumwona huyo mwingine.

5.0 Kongo na Kinondo: mpangilio bila picha

Katika ncha ya kaskazini ya ufuo wa Diani, kwenye mdomo wa mto, upo Msikiti wa Kongo uliojengwa kwa mawe ya matumbawe katikati ya mibuyu. Hukadiriwa kuwa wa karne ya 14 au 15, na unaswaliwa hadi leo. Katika ncha ya kusini, kabla ya kufika Gazi, kuna Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo wenye ukubwa wa hekta 30 hivi. Ulitangazwa kuwa turathi ya taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 ukaingizwa pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO. Atakayekwenda kutafuta picha katika sehemu hizi hataipata. Akitafuta mpangilio, atapata mwingi.

Tuanze na msikiti. Mihrabu ni shimo dogo ukutani. Ndani yake hamna sanamu, hamna sura. Hata hivyo jengo zima limepangwa kwa ajili yake, na yenyewe haielekezi kwake bali mbele zaidi, Makka. Mistari ya dari la Masaccio inakutana kwenye nukta inayoonekana. Mistari ya msikiti inakutana mahali ambapo hakuna aliyemo anayepaona. Na mahali pa mtazamaji pamebadilika: hapana mtazamaji. Ni safu ya watu waliosimama bega kwa bega, wakiwa na mwelekeo badala ya kitu cha kutazama. Mhakiki akisema kwamba mihrabu ya Kongo ni tupu, amesema kweli ya macho na uongo wa mpangilio. Utupu huo umejengwa.

Kaya nayo imepangwa kwa namna yake. Kwa kawaida ya kaya za Wamijikenda, mtu hufika katikati kwa njia maalumu zinazopita msituni, na katikati pana uwanda wa baraza uitwao moro. Humo huzikwa fingo, kinga ya jamii, ambayo kwa mapokeo ya wazee ililetwa kutoka Singwaya. Kitu kilicho muhimu kupita vyote kiko katikati, lakini kiko chini ya udongo. Mchoraji wa Florence aliweka kiini chake juu, katika mwanga, kwa kila jicho. Wazee wa kaya walikiweka mahali ambapo nguvu yake inategemea kutoonekana. Marufuku basi si uzio uliowekwa baadaye kuizunguka kazi. Marufuku ni mstari wa kwanza wa kazi hiyo. Kutokata mti, kutochukua hata jani, kutopita pasipo na njia: haya ndiyo yanayouchora msitu. Yakiondolewa, kaya inabaki kuwa miti tu, na pwani imekwisha kuona jinsi miti iliyobaki kuwa miti tu inavyogeuka viwanja na mahoteli. Kisiwa cha Chale, chenye kaya yake na hoteli ya watalii pamoja, kiko jirani na Kinondo.

Jambo linalotuvutia zaidi ni nafasi aliyowekewa mgeni. Tangu wazee walipokubali kuwapokea wageni wa kulipa, anayeingia Kinondo hufungwa kaniki kiunoni, huongozwa na mwenyeji, na huambiwa asiyopaswa kuyafanya. Mgeni huyo hatambiki. Hakuambiwa aamini kwamba koma wapo. Lakini si mtazamaji huru pia, kwa kuwa mwili wake umevikwa alama ya mahali alipo. Ni nafasi ya tatu, ya mpakani. Hatuoni mfano ulio karibu nayo zaidi kuliko wale wawili waliopiga magoti nje ya nguzo katika mchoro wa Masaccio. Wapo katika kazi, hawamo chumbani. Wamegharamia, wameinama, hawamiliki.

6.0 Pingamizi

Inaweza kusemwa, kwanza, kwamba kaniki ya mtalii ni mchezo wa kuigiza, na kwamba heshima inayonunuliwa kwa tikiti si heshima. Pingamizi hili lina uzito. Lakini linadhani kwamba heshima ya kweli ni lazima iwe hisia ya ndani. Adabu nyingi za pwani haziulizi hisia. Mgeni anapovua viatu mlangoni, mwenyeji hamchunguzi moyo wake, anatazama viatu. Kaniki haidai imani. Inadai kwamba mgeni akubali kuonekana kuwa mgeni, na hilo ndilo jambo ambalo mhakiki, kwa sauti yake ya kitaalamu isiyo na mwili, hulikwepa.

Pili, inaweza kuulizwa: wenyewe ni akina nani? Wadigo walio wengi ni Waislamu. Wapo wanaouona utambikaji wa kaya kuwa ni shirki, na wapo Waislamu ambao ndio hao hao wazee wa kaya. Kama wenyewe hawana kauli moja, mhakiki amtii nani? Jibu letu ni kwamba hoja ya mahali haihitaji kauli moja. Utatu wa Florence haukuwa na maana moja kwa mtawa, kwa mfanyabiashara na kwa mjane aliyeomba mbele yake. Ilichowapa wote ni sakafu moja. Mabishano ya wenyewe ni sehemu ya uhai wa kazi, na mhakiki anayeyaripoti anaifanya kazi yake vizuri kuliko anayechagua upande ili apate ruhusa.

Tatu, na hili ndilo pingamizi gumu kuliko yote: kuondolewa mahali pake mara nyingine ndiko kunakoiokoa kazi. Vasari aliufunika mchoro na kwa kuufunika akauhifadhi. Je, makumbusho hayafanyi vivyo hivyo? Hapa tuvitazame vigango, nguzo za kumbukumbu zilizochongwa ambazo Wagiriama na majirani zao husimika kwa ajili ya marehemu wa chama cha Gohu. Kigango kikishasimikwa hakihamishwi. Hata watu wakiihama boma, kinaachwa pale kisimame, kipigwe na jua na mvua, kioze. Kuanzia miaka ya 1970 vigango vingi viliibwa na kuuzwa kwa watalii na wakusanyaji, vikafika katika makumbusho ya Marekani. Wataalamu wa anthropolojia Monica Udvardy na Linda Giles walifuatilia safari zao, na mwaka 2007 viwili vilivyokuwa vimeibwa mwaka 1985 vilirudishwa kwa familia yenyewe huko Kilifi. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver yalitangaza kuwa yatavirudisha vigango 30.

Ndani ya makumbusho hayo vigango havikuwa vimeharibika. Rangi na michongo ya pembetatu iliweza kuhesabiwa. Mhakiki wa mpangilio angepata kila alichokihitaji. Lakini kuoza polepole mbele ya uzao wa marehemu ndio mwisho uliokusudiwa katika mpangilio wa kigango, kama vile mifupa iliyochorwa ilivyokuwa mwanzo wa mpangilio wa Masaccio. Chumba chenye hewa iliyodhibitiwa kinaukata mwisho huo. Walter Benjamin aliandika mwaka 1936 kwamba thamani ya ibada hupungua kadiri thamani ya maonyesho inavyoongezeka. Kigango kinatutaka tuongeze neno: kinachopungua si thamani tu, bali pia deni. Aliyeko mbele ya kigango bomani anadaiwa sadaka, kumbukumbu, au walau kunyamaza. Aliyeko mbele yake katika makumbusho hadaiwi kitu. Uhifadhi wa namna hiyo umeokoa mti na kufuta deni, na aliyefutiwa deni si aliyeliomba lifutwe, bali ni mgeni. Tofauti na Vasari ni hii: Vasari aliuacha ukuta ndani ya kanisa, kwa watu wale wale. Hatukatai makumbusho. Tunakataa hoja kwamba kuhifadhi umbo kunatosha kuhalalisha kukivunja kiungo baina ya umbo na walioliweka.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mpangilio wa kazi ya ibada haukomi kwenye fremu, ukuta au mpaka wa msitu. Unafika hadi kwenye miguu ya anayetazama. Kutokana na hilo, swali kama asiyeamini ana haki ya kusoma limebadilika sura. Haki anayo, kwa sababu kazi nyingi za ibada zimekwisha kumfikiria: sakafu ya Santa Maria Novella ilikuwa wazi kwa mpita njia, na Kinondo ina kaniki kwa ajili ya mgeni. Asichokuwa nacho ni haki ya kujifanya hayupo. Anaposoma kana kwamba hana mahali, huwa amechukua mahali pa mtu bila ya kulipa kinachodaiwa hapo.

Kwa mhakiki wa fasihi jambo hili halihusu michoro na misitu tu. Maulidi yanayosomwa darasani kama mfano wa mizani, dua inayonukuliwa kama mfano wa takriri, nyimbo za kutambika zinazorekodiwa na kuandikwa kwenye tasnifu: zote zina sakafu yake. Tunapendekeza kwamba mtafiti, kabla hajaeleza fani na maudhui ya kazi ya namna hii, aeleze imemwekea nani mahali gani, ni nini kinachodaiwa mahali hapo, na yeye mwenyewe alisimama wapi alipoisikia. Na pale wenyewe walipoamua kwamba kitu kikae chini ya udongo, kama fingo ya moro, aandike kwamba kipo na kwamba hakukiona. Sentensi hiyo si upungufu wa utafiti. Ni maelezo sahihi ya mpangilio.

Linabaki swali ambalo makala haya hayakulimaliza, nalo ni la wakati. Kama mahali pa mtazamaji ni sehemu ya kazi, nini hutokea pale wanaopaswa kusimama hapo wanapopungua mwaka hadi mwaka? Mwaka 2009 UNESCO iliziingiza mila zinazoambatana na kaya za Wamijikenda katika orodha ya turathi zinazohitaji hifadhi ya haraka, na huko ni kukiri kwamba msitu unaweza kubaki na wasimamao ndani yake wakatoweka. Mhakiki hawezi kuijaza nafasi yao, na asijaribu. Anachoweza ni kuhakikisha kwamba katika maandishi yake nafasi hiyo inaonekana kuwa nafasi, iliyopimwa na kuachwa wazi kwa ajili ya mtu, isije ikasomwa na watakaokuja baadaye kuwa ni ardhi tupu.